Usukani wa Watu Wawili

Baiskeli hiyo haikuwa na kiti, na watu wa Kitale hawawezi kuona baiskeli isiyo na kiti wakanyamaza. Miezi yote niliyoipanda, sikumbuki siku niliyopita karibu na soko bila mtu kuniambia kwamba nimeibiwa. Mwanamume mmoja alinifuata mpaka mlangoni pa kazi yangu na kiti kikuukuu cha baiskeli ya mizigo mkononi, akaniambia anaweza kunichomelea siku hiyo hiyo. Nilimjibu vibaya. Hii ni ya kurukia mawe, nilimwambia, haikaliwi, inasimamiwa, na ukitaka kukaa kuna viti nyumbani kwako. Aliondoka akinung'unika kwamba nina kiburi, na hakukosea.

Nina hasira za karibu. Mke wangu amezizoea, na wateja wa duka la pembejeo ninakouza mbegu na dawa ya kupe wanajua siku za kunikwepa. Lakini hasira ninayotaka kuieleza hapa haikuwa ya karibu. Ilidumu msimu mzima wa mahindi, tangu kupanda mpaka kuvuna, na ilikuwa juu ya mtu mmoja na usukani mmoja.

Mtu huyo alikuwa bakoki wangu. Kwetu sisi Wabukusu, wanaume waliotahiriwa msimu mmoja huitana bakoki, na bakoki ana ruhusa ambayo hata ndugu wa tumbo moja hana. Anaweza kukutusi mbele ya mkeo, mbele ya pasta, mbele ya watu wa kanisa zima, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Unatakiwa ucheke, kisha umrudishie kubwa zaidi. Watu wakisikia matusi hayo wanafurahi, kwa sababu ndiyo dalili kwamba nyinyi wawili mko pamoja. Mimi nilikuwa nacheka kwa meno tu. Yeye ni mfupi, mpana, ana sauti ya kuitia ng'ombe, na anauza vitunguu Misikhu. Mimi ni mrefu kupita kiasi. Tangu ujana wetu aliniita mlingoti, ngazi, nguzo ya stima, na kila mara watu walivunjika mbavu. Nami nikamwita kisiki, na hakuna aliyecheka sana, kwa sababu kisiki hakichekeshi. Hilo nalo liliniuma.

Baiskeli ilikuwa ya fundi mmoja mzee ambaye kibanda chake kiko karibu na msikiti, mjini Kitale. Ilimjia katika rundo la baiskeli za mitumba kutoka Mombasa, na mafundi wenzake wakamcheka kwamba ameuziwa mzoga. Yeye aliitambua. Alikuwa ameona kwenye simu Wazungu wakiruka juu ya mapipa na baiskeli kama hiyo, fremu fupi, usukani mpana, breki za kushika gurudumu mpaka lisimame kabisa. Aliisafisha, akabadilisha mnyororo, akaipaka grisi, kisha akatuita sisi wawili. Zamani, tulipokuwa tukibeba abiria kwa baiskeli, tulikuwa tukishindana kuruka mitaro ya maji machafu nyuma ya soko, na yeye ndiye aliyekuwa akinyoosha rimu zetu.

"Mimi magoti yamekwisha," alituambia. "Nanyi mlikuwa mkiniletea rimu zimepinda kama chapati. Sasa rukeni na kitu kilichotengenezwa kuruka."

Masharti yake yalikuwa mafupi. Wiki moja baiskeli ingekaa kwangu Matisi, wiki inayofuata ingekaa kwa bakoki Misikhu. Kila Jumamosi bakoki alileta vitunguu Kitale kwa pikapu, kwa hiyo tungebadilishana hapo kibandani. Baada ya mavuno kungekuwa na siku ya michezo uwanjani Bungoma, na waandalizi walikuwa wamemwomba fundi alete kitu cha kuwafurahisha watu. Kila mmoja wetu angepita mara moja juu ya mawe na magogo. Atakayekanyaga chini mara chache zaidi angeichukua baiskeli, iwe yake kabisa. Hakutaka hela yetu.

"Ila atakayeiharibu kabla ya siku hiyo, imemtoka," alisema. "Sitasikiliza sababu, wallahi."

Niliitaka baiskeli hiyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu kingine chochote, na nasema hivyo nikijua kwamba mke wangu atasoma. Mtu wa umri wangu anayesimama nyuma ya kaunta kutoka asubuhi mpaka jioni akieleza tofauti ya mbegu za ukanda wa juu na za ukanda wa chini hana mambo mengi anayoyafanya vizuri. Nikiwa juu ya baiskeli ile, nimesimama kwa gurudumu la nyuma peke yake juu ya jiwe lisilotosha sufuria, nilikuwa mtu mwingine. Na wazo kwamba kitu hicho kingelala Misikhu katikati ya magunia ya vitunguu lilinikosesha raha.

Sasa nieleze ugomvi wenyewe. Shingo ya usukani ni kile chuma kifupi kinachoshikanisha usukani na foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Kwenye baiskeli ya kawaida hakuna anayeifikiria. Kwenye baiskeli ya kuruka, shingo inapanda juu na kwenda mbele, na hapo ndipo kila kitu kilipo. Unasimama, unaegemea nyuma mikono imenyooka, na gurudumu la mbele linainuka lenyewe. Mtu mrefu akiwekewa usukani chini anakunjika, magoti yanagonga mikono, na mgongo unalalamika kabla ya jiwe la pili. Mtu mfupi akiwekewa usukani juu anabaki kuning'inia, hana nguvu ya kuusukuma mbele ili gurudumu la nyuma lifuate. Urefu ambao mmoja anaruka nao, mwenzake anaanguka nao.

Chini ya shingo kulikuwa na pete tatu. Ukiziweka zote chini, shingo inapanda, ukizihamishia juu, inashuka. Halafu kuna kibano cha mbele chenye boliti nne ndogo. Ukizilegeza, unaweza kuuzungusha usukani kwenda mbele au kuurudisha kifuani. Mimi niliweka pete zote chini na usukani mbele upana wa kidole kimoja. Bakoki aliweka pete zote juu, akaipindua shingo yenyewe ikatazama ardhi, na usukani akauvuta nyuma mpaka ukaonekana wa baiskeli ya posta. Kila Jumamosi, kwa hiyo, mmoja wetu alipiga magoti kibandani na kubomoa kazi ya mwenzake.

"Ona vile ameiweka," bakoki alisema Jumamosi ya kwanza, akiwaonyesha wanaume waliokuwa wakisubiri kuzibiwa pancha. "Huyu anataka kupanda baisikeli ama anataka kuchuna mapapai? Ni mlefu mpaka akili haifiki juu."

Wakacheka wote. Nilicheka pia, kama inavyotakiwa, na moyoni nikamtakia mabaya.

Fundi alituonya mapema. Shingo ile ilikuwa ya alumini, na alumini si chuma. "Kaza kwa vidole viwili," alisema, akishika ule ufunguo mdogo uliopinda kwa kidole gumba na cha shahada. "Usikaze kwa bega. Boliti ya chuma ikiingia kwenye alumini kwa nguvu inakula thredi, ile mikato ya ndani ya tundu, na thredi ikiliwa hairudi." Alirudia maneno hayo kila Jumamosi, akinitazama mimi zaidi kuliko mwenzangu. Nilifikiri ananionea.

Ili kutupunguzia kelele, alinunua chupa mbili za rangi ya kucha, nyekundu na nyeupe. Alichora kistari chekundu mahali pa usukani wangu na cheupe mahali pa bakoki, ili kila mtu arudishe usukani wake bila kupima upya. Ilikuwa busara na ilidumu wiki mbili. Jumamosi ya tatu nilipoipokea baiskeli kutoka Misikhu, kistari changu hakikuwapo, na kibano kilinuka petroli.

"Umefuta alama yangu," nilimwambia.

"Si nilikuwa nasafisha baisikeli, bana. Ilitoka kwako chafu, ikinuka dawa ya kupe. Nikajua ni wewe unanuka hivyo, nguzo."

Watu wakacheka, na mwenye pancha mmoja akapiga makofi. Mimi nilitumia siku tatu kutafuta mahali pangu tena, nikisogeza usukani unywele kwa unywele nyuma ya yale machimbo ya mawe yaliyoachwa huko Matisi, mvua ya alasiri ikininyeshea. Nilikuwa nikizungumza peke yangu. Kila nilipoanguka nililitaja jina lake.

Nilimlipa. Mwisho wa wiki hiyo, kabla ya kumrudishia, nilikifuta kistari chake cheupe na kuchora kingine, vidole viwili mbele ya cha zamani. Niliomba rangi ya kucha kwa mfanyakazi mwenzangu, naye akanipa bila kuuliza, ingawa alinitazama mikono. Bakoki alifanya mazoezi wiki nzima kwenye yale mawe makubwa ya kwao akiwa na usukani usio wake. Aliporudi alikuwa anatembea ameshika kiuno. Hakujua kilichompata, alidhani ni magunia. Nilifurahi siku nyingi, na sitajifanya kwamba sikufurahi.

Kisha akagundua. Sijui ni kwa namna gani, labda alipima kwa kijiti. Hakunigombeza, maana bakoki hagombani. Alisema tu kwa sauti yake ile, mbele ya kibanda kizima, kwamba kuanzia leo nikimwambia jua limechomoza atatoka nje kwanza aangalie. Kila mtu aliona ni mzaha mzuri. Nami niliona ni sawa, kwa sababu mimi pia sikuamini neno lake lolote tena. Ikawa akisema breki ya nyuma inateleza, mimi naiacha. Nikisema mnyororo umelegea, yeye anaukagua kana kwamba nimeficha nyoka ndani.

Wiki ya mwisho kabla ya siku ya michezo ilikuwa zamu yangu. Jumamosi hiyo bakoki alikuwa ameacha usukani umekazwa vibaya sana kwa makusudi, ile boliti ya juu kushoto imeshika kabisa. Angalau niliamini ni kwa makusudi. Jioni ile nikiwa peke yangu uani Matisi, nililazimika kuweka kipande cha bomba kwenye ufunguo ili niilegeze. Nikauweka usukani mahali pangu, na nilipoanza kukaza nilikuwa bado namfikiria, nikiisikia sauti yake, nikiwasikia wale wenye pancha wakicheka. Sikukaza kwa vidole viwili. Nilikaza kwa bega, na kwa lile bomba, na kwa hasira ya miaka yote tangu tulipopona vidonda vyetu vya tohara pamoja. Boliti iligoma, kisha ikawa laini ghafla na kuzunguka bila kushika chochote.

Nilijua papo hapo nilichofanya. Nilikaa chini kwenye zege nikaitoa boliti, na kwenye ncha yake kulikuwa na vipande vya alumini, vyembamba, vimejikunja kama maganda ya viazi. Thredi ilikuwa imekufa.

Ningeweza kumpelekea fundi kesho yake. Angepata shingo nyingine, au angechimba tundu na kuweka boliti nene zaidi, ni mtu wa mbinu. Lakini alikuwa ameshasema. Atakayeiharibu, imemtoka. Na nilijua bakoki angesimama hapo kibandani akiwaeleza watu jinsi nguzo ya stima ilivyovunja baiskeli kwa wivu, na ningelazimika kucheka. Wazo la kile kicheko ndilo lililonishinda, zaidi hata ya kuikosa baiskeli.

Dukani kwetu tunauza pia vifaa vya mabomba ya maji. Nilichukua tepu nyeupe, ile ambayo mafundi huzungushia kwenye bomba ili lisivuje, nikaizungusha kwenye boliti mara nyingi, nikaisokota ndani. Ilishika. Haikushika kama inavyopasa, lakini ukiigusa kwa ufunguo ilijifanya imekaza. Boliti tatu zilizobaki zilikuwa nzima. Nikaruka nayo wiki nzima, taratibu mwanzoni kisha bila woga, na usukani haukusogea. Nilijiambia kwamba tatu zinatosha. Kwangu zilitosha, kwa sababu sikuzigusa tena.

Siku ya michezo Bungoma kulikuwa na jua kali na watu wengi kuliko nilivyotarajia. Baada ya mbio na mpira, waandalizi walituachia upande mmoja wa uwanja. Kulikuwa na magogo mawili ya mkaratusi, tairi la trekta limelazwa, kisha mawe manane yaliyomwagwa na lori, la mwisho likiwa refu kunifika kiunoni. Fundi alikuja na kofia yake safi na punje za mahindi mfuko wa kushoto. Kila mguu utakaogusa chini, punje moja ingehamia mfuko wa kulia. Alisema punje hazina rafiki.

Nilipita wa kwanza. Niliyaruka magogo vizuri, kwenye tairi nikakanyaga chini mara moja, katikati ya mawe mara mbili. Jiwe la mwisho nililipanda kwa mruko mmoja, nikasimama juu yake kwa gurudumu la nyuma, na uwanja mzima ukapiga kelele. Punje tatu. Niliteremka kwa furaha, na bakoki akawa ameshafika, ufunguo mkononi, kwa sababu ilibidi ashushe usukani wake kabla ya kupita.

Alipiga magoti kwenye nyasi. Alikuwa akifanya haraka, watu walikuwa wakimwita, na mdomo wake haukuacha kusema. "Punje tatu! Na miguu milefu hivyo, si ungetembea tu juu ya mawe, ufike!" Watu waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Alizitoa pete, akaipindua shingo, akalegeza boliti za kibano. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Niliona ile boliti ya juu kushoto ikitoka, na uzi mweupe wa tepu ukianguka kwenye nyasi.

Aliuvuta usukani kifuani, akaanza kukaza. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne akaizungusha, akaizungusha tena, akasita. Aliinua uso akanitazama, na kwa mara ya kwanza mwaka huo hakukuwa na mzaha machoni pake.

"Bakoki," aliniuliza polepole, "hii iko sawa?"

Nimejieleza mambo mengi tangu siku hiyo. Kwamba ningemwambia asiushushe usukani, apite na urefu wangu, angedhani ni hila, na kwa haki kabisa. Kwamba watu walikuwa wakisubiri, na fundi alikuwa ameshatia mkono mfukoni. Yote hayo ni kweli na hayana maana, kwa sababu swali aliniuliza mimi, na jibu nililijua. Nilijibu kwa sauti ya kusikika na wote.

"Si ukaze, kisiki! Ama vidole navyo ni vifupi?"

Hapo ndipo watu walipocheka kwelikweli. Ndiyo mara pekee maishani nilipompiku. Hata yeye alicheka, akatikisa kichwa, akapanda baiskeli.

Alikuwa mzuri. Lazima niseme, maana nilikuwa nimemwona mara chache tu akiruka mchana kweupe, mbele ya watu. Aliruka magogo kama hayapo. Kwenye tairi hakugusa chini. Kwenye mawe aligusa mara moja, kwenye la tano, na nikahesabu nikiwa nimekunja ngumi. Punje moja kwa zangu tatu. Alilifikia jiwe la mwisho, akajikunja, akaruka, akauvuta usukani kwa nguvu zake zote, nao ukageuka mikononi mwake kama kitasa cha mlango.

Alianguka uso ukitangulia, mkono wa kulia ukiwa chini. Nilisikia mlio wa mfupa kutoka nilipokuwa. Watu walikimbia, nami nikakimbia, na nilipofika alikuwa amekaa, damu mdomoni, meno mawili hayapo, mkono umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Hakuwa akilia. Alikuwa akiitazama baiskeli iliyolala kando yake, ile boliti imetoka nusu, na tepu nyeupe imening'inia kwenye tundu ambapo kila mtu angeweza kuiona.

Kisha akanitazama mimi. Nilisubiri anitusi. Nilitamani anitusi, aniite jina lolote, amtaje hata mama yangu. Alifumba macho tu mpaka walipomwinua kumpeleka hospitali.

Fundi alibaki na baiskeli. Alichomoa tepu kwa pini, taratibu, akainyoosha kwenye kiganja chake, akaitazama. Mwenzangu hakumaliza, nami nilikuwa nimemaliza kwa punje tatu. Fundi ni mtu wa neno lake, na kabla ya michezo hakuna aliyemletea baiskeli imeharibika. "Ni yako," aliniambia. "Ichukue sasa hivi. Na isikanyage kibandani kwangu tena, wala wewe." Aliitupa ile tepu chini na kujipangusa mkono kwenye kanzu.

Baiskeli ninayo. Nimeiwekea shingo nyingine niliyoagiza Eldoret, na pete zote ziko chini, usukani uko mbele upana wa kidole kimoja, na hakuna anayeugusa. Nimeipanda mara chache.

Wiki ya pili baada ya michezo nilikwenda Misikhu kumwona, nikiwa na sukari na mkate. Njia nzima nilikuwa nikijiandaa kwa matusi, nikichagua nitakayomrudishia. Mkewe alinikaribisha. Yeye alikuwa amekaa sebuleni, mkono kwenye plasta, na aliponiona alisimama. Hajawahi kusimama kunipokea tangu nimjue.

"Karibu, ndugu," alisema. "Asante kwa kuja. Keti tafadhali. Pole na safari."

Mkewe aligeuka akatutazama wote wawili. Nilisema kitu kuhusu meno yake, kitu kibaya, cha kibakoki, ambacho siku nyingine kingemfanya anirushie kiatu. Alitabasamu kwa adabu na kuniuliza kama mvua imefika upande wa Kitale. Nilimaliza chai na nikaondoka. Hasira niliyokuwa nayo njiani ilikuwa mbaya kuliko zote za mwaka ule, na sikuwa na mtu wa kumwelekezea.

Mwezi mmoja ulipita, kisha miwili. Siku ya soko nikarudi Misikhu. Sikuwa na haja ya vitunguu. Nilikuwa nimeamua kumlazimisha. Nilisimama mbele ya meza yake, katikati ya akina mama wenye vikapu na wauzaji wenzake wanaotujua tangu zamani, nikamtusi kwa sauti kubwa. Nilianza na kisiki nikaendelea. Nilimtusi miguu, kichwa, pengo, mkono, ukoo. Watu walianza kucheka, wakigeuka kumtazama, wakisubiri arudishe. Kicheko kilikaa, kikapungua, kikaisha.

Alikuwa amevaa aproni yake ya bluu. Mkono wa kulia ulikuwa umetoka plasta lakini ulikaa kando, haukunyooka, vidole vimekunjwa. Aliningoja mpaka nilipoishiwa.

"Habari ya Kitale, bwana," alisema. "Watoto hawajambo? Nikupimie kilo ngapi?"

Nilisema mbili. Alivichagua kimoja kimoja, akatupa kilichooza, akaviweka kwenye mizani, akaongeza kimoja juu kama anavyomfanyia mteja mgeni. Alifunga mfuko kwa meno na mkono mmoja, akaninyooshea kwa kushoto.

"Unisamehe kukupa kwa mkono huu, bwana," alisema. "Ule mwingine hauwezi kushika."